Panya haogopi kipimajoto, anaogopa mkono



Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, wakazi wa Dar es Salaam walikizoea kwa haraka chombo ambacho wengi wao walikuwa hawajapata kukiona. Mtu alifika mlangoni mwa benki au getini mwa kiwanda, akasimamishwa, akaelekezewa kwenye paji la uso kitu mfano wa bastola, kikalia, akaruhusiwa kupita. Hakuguswa wala hakuambiwa afungue kinywa. Wako waliokiogopa chombo hicho wakidai kwamba kinapiga miale kichwani. Wako pia waliokicheka.

Leo nataka tuizungumze historia ya kipimajoto hicho kisichogusa, lakini tuitazame kwa upande wa kiumbe ambaye hatuna mazoea ya kumhurumia, naye ni panya wa maabara.

Najua kuna atakayeguna. Atasema, mitaa yetu ya Manzese na Mbagala imejaa panya, nani ana haja ya kujua joto lao? Ana haki ya kuuliza. Lakini dawa anayompa mwanawe usiku mtoto anapochemka ilipita kwanza katika mwili wa panya kabla haijafika kwenye zahanati ya mtaa wake. Joto la panya yule lilipopimwa vibaya, waliotengeneza dawa walidanganyika, na wakidanganyika wao, gharama huilipa sisi tulio mwisho wa foleni. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

Tuanze na kipimajoto cha kioo, ambacho wengi wetu tumewahi kubanwa nacho kwapani. Mwanzoni mwa karne ya 17, tabibu Santorio wa Italia alikuwa tayari anawapa wagonjwa bomba la kioo walitie kinywani ili aone joto linavyopanda na kushuka. Mwaka 1714 Fahrenheit akatengeneza kipimajoto cha zebaki chenye alama za kuaminika. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari waliendelea kutegemea kiganja cha mkono, kama wafanyavyo kina mama hadi leo. Aliyewageuza ni Mjerumani Carl Wunderlich, wa mji wa Leipzig. Mwaka 1868 alitoa kitabu kilichotokana na kupimwa kwa wagonjwa wapatao 25,000, na hapo ndipo ulimwengu ulipokubaliana kwamba binadamu mzima ana joto la karibu nyuzi 37 za sentigredi. Wakati huo huo Mwingereza Clifford Allbutt alibuni kipimajoto kifupi cha urefu wa inchi sita, kilichosoma kwa dakika tano tu. Cha zamani kilikuwa na urefu wa futi nzima na kilimkalisha mgonjwa dakika 20.

Baada ya binadamu ikaja zamu ya mifugo, na hapa historia inapita mjini kwetu. Mwaka 1897 Robert Koch, yule aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alifika Dar es Salaam, wakati huo makao makuu ya koloni la Wajerumani. Alikaa hadi mwaka 1898, na pamoja na kazi nyingine aliichunguza damu ya ng'ombe wa pwani. Aliona ndani yake vimelea vidogo, akavidhania kuwa ni vya ugonjwa uliokwisha kujulikana Marekani. Mwaka 1901 ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki walipeleka maradhi mapya Rhodesia, mifugo ikafa kwa maelfu. Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903, na huko ndiko ilikobainika kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa peke yake. Wazungu wakauita homa ya pwani ya mashariki. Wafugaji wetu wanaujua kwa jina la ndigana kali, na huenezwa na kupe.

Katika ndigana kali, joto la mnyama hupanda kabla hajaonekana mgonjwa. Ng'ombe bado anakula, bado anatembea, lakini kipimajoto kimekwisha kumshtaki. Kwa hiyo kupima joto kila siku kukawa ni ulinzi wa zizi. Wakazi wa Temeke wanaolitaja eneo la Vetenari kila siku ndani ya daladala wakumbuke kwamba jina hilo linahusu kazi ya aina hiyo. Maabara kuu ya mifugo iko pale Temeke, na tangu mwaka 2012 imekuwa chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Sasa ng'ombe ni mnyama mkubwa. Ukimwingizia kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa atapiga teke, pengine atakuchafua, lakini joto la mwili wenye kilo 250 halibadiliki kwa sababu ya kushikwa mkia. Panya mweupe wa maabara ana gramu 25. Ng'ombe mmoja ni uzito wa panya 10,000. Kumshika panya huyo kwa mkono mzima ni kama mtu akamatwe na jitu lenye ukubwa wa jumba la ghorofa, linyanyue miguu yake kutoka ardhini, kisha limwingize kijiti mwilini. Hapo ndipo taabu yote ilipoanzia.

Kabla ya kuieleza taabu hiyo, tuone kwanza kwa nini panya alihitajika kiasi hicho. Malaria ya binadamu haimshiki panya wa maabara. Kwa muda mrefu hilo lilikuwa kikwazo kikubwa kwa watafuta dawa. Mwaka 1948, huko Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, watafiti Vincke na Lips walitangaza kwamba wamekuta vimelea vya malaria katika damu ya panya wa vichakani, na vimelea hivyo vilikubali kuishi katika panya weupe. Vikapewa jina la Plasmodium berghei, na kutoka Katanga vikasambaa katika maabara za dunia nzima. Oktoba 1971, mjini Beijing, kundi la mama Tu Youyou lilijaribu dondoo la mmea wa pakanga juu ya panya wenye vimelea hivyo hivyo, na vimelea vyote vikatoweka. Dondoo hilo ndilo lililozaa artemisinini, na artemisinini ndiyo iliyozaa dawa ya mseto ambayo serikali yetu iliichagua mwaka 2006 kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali. Mama Tu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mnyama wa Katanga hakupata kitu, lakini mtoto wa Tandale aliyepona anadaiwa naye kidogo.

Pana jambo moja la ajabu katika malaria ya panya. Binadamu akiugua malaria huchemka. Panya, maradhi yakizidi, hupoa. Mwili wake mdogo hushindwa kutunza joto, nao hushuka nyuzi baada ya nyuzi hadi afe. Kwa hiyo anayetaka kujua kama dawa yake inafanya kazi hana budi kulijua joto la panya, asubuhi na jioni, siku baada ya siku, bila kukosea hata nyuzi moja.

Turudi sasa kwenye mkono. Njia ya zamani ilikuwa kumkamata panya, kumbana, na kumwingizia waya mwembamba wa kupimia kwenye njia ya haja kubwa, kiasi cha sentimita mbili. Waya ule ni sahihi, wala haudanganyi. Anayebadilika ni panya mwenyewe. Katika dakika kumi au kumi na tano tangu ashikwe, joto la ndani la mwili wake hupanda kwa kiasi cha nyuzi moja, pengine zaidi. Hana vimelea wala kidonda. Ana hofu tu. Mtafiti anayerudi kumpima mara ya pili anaandika homa ambayo yeye mwenyewe ameileta.

Mwaka 1989 watafiti wa Italia, Borsini na wenzake, waliliweka jambo hili wazi kwa namna rahisi kabisa. Waliwatoa panya wa tundu moja mmoja mmoja na kuwapima. Panya wa mwisho walikuwa na joto kubwa kuliko wa kwanza, ingawa wote walikula chakula kimoja na kulala tundu moja. Waliobaki waliona wenzao wakinyakuliwa, wakajua zamu yao inakuja. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya sindano akiwa mtoto, akisikiliza vilio vinavyotoka chumbani, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Panya waliopewa kwanza dawa ya kutuliza wasiwasi hawakupandisha joto namna hiyo, na kosa lile la vipimo likageuzwa kuwa njia ya kupima dawa za wasiwasi.

Dawa ya tatizo hili ilikuwa imekwisha kuzaliwa miaka mingi nyuma, kwa mtu ambaye hakuwa akiwafikiria panya hata kidogo. Mwaka 1800, nchini Uingereza, mnajimu William Herschel aliupitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo ukagawanyika rangi zake, kama upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu, ndicho kilichopanda kuliko vyote. Herschel alikuwa amegundua miale isiyoonekana ambayo leo tunaiita infraredi. Katika miaka ya 1830 Mtaliano Melloni alikuwa na chombo kilichoweza kuhisi joto la mtu aliyesimama mbali naye mita kadhaa.

Kila kitu chenye joto hutoa miale hiyo. Ukuta uliochomwa na jua mchana kutwa huitoa usiku, ndiyo maana vyumba vyetu vya bati na saruji havilaliki mwezi wa Februari. Mwili wako pia huitoa. Kipimajoto kisichogusa hupokea tu miale inayotoka kwako, kama sikio linavyopokea sauti. Hakikupigi kitu. Walioogopa mwaka 2020 kwamba ubongo unachomwa wangeweza kulala usingizi.

Mwaka 1934 Mmarekani James Hardy alionyesha jambo ambalo lingefaa kusomwa shuleni. Alipima jinsi ngozi za watu zinavyotoa miale hii, akakuta kwamba rangi ya ngozi haileti tofauti. Mbele ya infraredi, ngozi ya binadamu, iwe ya Mzungu au ya Mwafrika, hufanya kazi kama kitu cheusi kabisa. Kwa macho ya chombo hiki sote ni weusi, na hakuna mwenye haja ya kipimajoto cha peke yake.

Wataalamu wa wanyama walifuata njia zaidi ya moja. Mwaka 1957 ilibuniwa redio ndogo ya kumeza, iliyotangaza hali ya tumbo kutoka ndani. Baadaye redio za namna hiyo zilipunguzwa hadi zikaweza kushonwa ndani ya tumbo la panya. Panya hupasuliwa mara moja, hupona, kisha huishi katika tundu lake huku joto lake likisikika nje usiku na mchana. Ni njia nzuri mno, lakini ni ghali na inahitaji fundi wa upasuaji. Ya pili ni kidude mfano wa punje ya mchele, kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi na kusomwa kwa kifaa kinachopitishwa juu bila kugusa. Ya tatu, iliyo nafuu kuliko zote, ni infraredi yenyewe, yaani ndugu wa ile bastola ya mlangoni, au kamera inayochora joto kwa rangi.

Je, mambo yakaisha? Hayakuisha, maana kila chombo hujibu swali lake. Infraredi husoma ngozi wala haisomi moyo na maini. Panya ana manyoya, na manyoya huficha joto kama blanketi. Kwa hiyo wapimaji wengine hunyoa sehemu ya tumbo, wengine hulenga jicho, na wote hulazimika kupima mahali pale pale na kwa umbali ule ule kila siku. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye mkia. Mkia wa panya hauna manyoya, ndio unaotolea joto la ziada. Panya akiogopa, mishipa ya damu ya mkia hubana, mkia unapoa, na wakati huo huo tumbo linapanda joto. Anayelenga mkia ataandika kwamba mnyama amepoa, kumbe ndani anachemka. Ukweli wa mkia na ukweli wa tumbo ni mambo mawili, na asiyejua anapima upi amepoteza siku yake.

Jirani zetu wa Kenya wana mnyama anayelieleza jambo hili la mkono kuliko wote. Ni fuko asiye na manyoya, aishiye chini ya ardhi kwa makundi, Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 1991 Buffenstein na Yahav waliandika kwamba mnyama huyu, ingawa ananyonyesha kama wengine, joto lake hufuata joto la shimo lake, kiasi cha nyuzi 30 hivi. Hana uwezo wa kulishikilia lililo lake. Ukimshika kiganjani ili umpime, unampa joto lako, na unachokisoma ni mkono wako mwenyewe.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa joto. Maabara nyingi za Ulaya na Marekani huwaweka panya katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 24, maana hapo ndipo mfanyakazi aliyevaa koti jeupe anapoona raha. Panya hujisikia vizuri karibu na nyuzi 30. Katika chumba cha nyuzi 22 hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kujipasha moto tu. Joto la kawaida la Dar es Salaam, linalowatoa jasho wageni wetu, liko karibu zaidi na starehe ya panya kuliko kiyoyozi cha wataalamu. Watafiti wetu wa Muhimbili, Ifakara na Morogoro wasidhani kwamba chumba baridi ndicho chumba cha sayansi. Chumba ni sehemu ya kipimo.

Mpenzi msikilizaji, mwisho nizungumzie huruma, kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba huruma kwa panya ni anasa ya mataifa tajiri. Mwaka 1959 Waingereza Russell na Burch walitoa kitabu kilichofundisha mambo matatu: tumia kitu kingine badala ya mnyama inapowezekana, punguza idadi, na punguza mateso. Sisi wenyewe tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini kipimajoto kinatufundisha zaidi ya sheria. Tulikwisha kuona kwamba panya mwenye malaria hupoa kabla ya kufa. Watafiti wamekwisha kujua kwamba akishuka chini ya kiwango fulani hatapona. Anayeipima hali hiyo bila kumsumbua anaweza kumkatishia mateso mapema, naye asipoteze alichokuwa akikitafuta. Tena panya asiyetishwa hutoa namba safi. Kwa hiyo namba safi zinahitaji wanyama wachache, na kuwatendea wema panya kumekuwa pia njia ya kuupata ukweli.

Kwetu sisi tusiofuga panya wa maabara, lipo la kuondoka nalo. Kipimajoto cha mlangoni kilisoma paji la uso. Paji lililopigwa na jua husoma juu, lililolowa jasho likapepewa na upepo husoma chini. Mama wa Mbagala ambaye mwanawe amechemka asitulizwe na namba nzuri ya kifaa cha namna hiyo, wala asikimbilie dawa ya malaria kwa sababu ya namba mbaya. Homa ni dalili, kama alivyofundisha Wunderlich. Ampeleke mtoto akapimwe damu kwa kipimo cha haraka, ajue anachotibu.

Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni, sharti uiname. Wanasayansi wamechukua karne mbili tangu Herschel kujifunza jambo linalokaribiana na hilo: ukitaka kujua hali ya aliye mdogo na mwoga, ondoa mkono wako, simama mbali kidogo, na ujue vema unatazama nini.